Nani atakuuliza? Kulinganisha njia za kujipangia malengo kwa mwandishi anayejiajiri

Kazi ya mwandishi anayejiajiri ina mafungu mawili. La kwanza ni la wateja: makala iliyoagizwa, tafsiri, hotuba ya mtu, maandishi ya tovuti. Hilo lina mwenyewe. Usipoituma kazi Ijumaa, Jumatatu simu inalia. Fungu la pili ni lako: kitabu, mkusanyiko wa hadithi, makala ndefu ambayo hakuna aliyekuomba, hata barua za kutafuta wateja wapya. Hilo halina wa kulidai. Linaweza kulala kwenye kompyuta miaka mitatu na asitokee mtu wa kukasirika.

Ulinganisho huu ni wa fungu la pili, kwa kuwa la kwanza linasukumwa na hofu na halihitaji ushauri wangu. Nimezijaribu karibu njia zote nitakazozitaja, nyingine kwa siku nne tu, na natanguliza maoni yangu ili ujue ninaegemea wapi. Waandishi hutumia muda mwingi kuchagua lengo na muda mchache mno kuchagua shahidi. Kinyozi hajinyoi. Ningepewa saa moja ya kupanga mwaka, robo ningeimaliza kwenye lengo, na dakika zilizobaki ningemtafuta mtu wa kuniuliza.

Matokeo au kazi?

Hapa sikai sana. "Mwaka huu nipate mchapishaji" ni lengo la matokeo. "Kila mwezi nipeleke mswada kwa wachapishaji wawili" ni lengo la kazi. La kwanza liko mikononi mwa mtu usiyemjua, ambaye huenda leo ameamka vibaya. La pili liko mikononi mwako, na ndilo pekee unaloweza kuulizwa Jumapili jioni ukajibu ndiyo au hapana.

Matokeo yanafaa kwa kukokotoa. Ukishajua unataka kipato gani kwa mwaka, kigawe kwa malipo ya kazi moja, utapata idadi ya kazi. Kisha angalia kumbukumbu zako: ni barua ngapi za kuomba kazi zilizokuzalia kazi moja? Zikiwa nane, lengo lako ni barua. Kipato kibandike ukutani ukipenda, ila usijipime nacho kila wiki, utaugua.

Edwin Locke na Gary Latham, wanasaikolojia waliochunguza malengo kwa miongo mingi, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu huleta kazi nzuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Nusu hiyo ya habari imesambaa sana. Nusu ya pili haisemwi: kazi ikiwa ngeni na yenye mambo mengi, lengo la kujifunza hufaa zaidi kuliko la kufikia kiwango fulani. Anayeandika riwaya yake ya kwanza yuko hapo hasa. "Nijifunze kumaliza sura moja bila kurudi nyuma" litamfikisha mbali kuliko "riwaya iishe Juni".

Maneno au saa?

Kwenye swali hili ndipo tunapobishana, na kila upande una watu wake mashuhuri.

Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta na aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Alipofariki mwaka 1882 alikuwa ameandika riwaya 47. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, naye alikuwa na kipande cha boksi ukutani alichoandikia hesabu ya kila siku, ili asijidanganye, kama alivyosema mwenyewe. Tarakimu zilizoonekana pale zilikuwa 450, 575, 462, kisha 1,250, kisha 512. Mtu aliyezoea kusikia watu wakitamba na maneno elfu tatu kwa siku atapumua akiziona.

Upande wa saa yupo Francesco Cirillo, Muitaliano ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi, alijifungia kazi kwa vipindi vya dakika 25 akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Dakika 25 za kazi, tano za kupumzika, basi.

Kwa rasimu ya kwanza, hesabu ya maneno haina mpinzani. Haibembelezi. Ukurasa ama umejaa ama haukujaa. Shida huanza siku unapogeuka mhariri. Nakumbuka siku niliyokata maneno 900 kwenye sura iliyovimba. Ilikuwa siku yangu bora mwezi ule, na daftari likaandika hasi 900. Wiki iliyofuata nilijikuta naziacha sentensi mbovu zikae kwa kuwa zilikuwa zimeshahesabiwa. Kipimo kilikuwa kimeanza kunifundisha kuandika vibaya.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, na sijaona likisemwa vya kutosha. Tarakimu nyingi za malengo zimetoka kwa watu wanaoandika Kiingereza. "Nitakapokuandikia" kwetu ni neno moja. Mwingereza anahitaji sita. "Hawakutuambia" ni neno moja, yeye anataka manne. Sentensi zetu nyingine zina viunganishi vingi vinavyorudisha kidogo pengo hilo, lakini kwa jumla maneno elfu ya Kiswahili yamebeba mzigo mzito kuliko elfu ya Kiingereza. Ukilichukua lengo la mtu wa huko kama lilivyo, umejitwika zaidi yake bila kujua, kisha unajiita mvivu. Pima wiki mbili bila lengo lolote, uone unaandika kiasi gani kwa kawaida, halafu lengo likae juu kidogo ya hapo.

Saa nazo zina uongo wake. Hazijui kama unaandika au unasoma ujumbe. Mtu anaweza kupasha kiti joto kwa saa nne akajipa alama kamili. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ndogo: kila saa inapoisha, andika mstari mmoja kueleza nini kimebadilika kwenye mswada. Ukikosa la kuandika mara tatu mfululizo, umejijibu.

Kwa hiyo mimi hubadilisha kipimo kazi inapobadilika. Rasimu napima kwa maneno, uhariri na utafiti kwa saa, na kutafuta soko kwa idadi ya vitu vilivyotumwa. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kung'ang'ania kipimo kimoja mwaka mzima kwa sababu kilifanya kazi Januari.

Siku au wiki?

Njia ya kupiga alama kwenye kalenda kila siku bila kukata mnyororo ni tamu sana siku kumi za kwanza. Huhusishwa na mchekeshaji Jerry Seinfeld, ambaye mwaka 2014 alisema si wazo lake na wala haoni lina maajabu gani. Liwe la nani, tatizo lake kwa anayejiajiri ni kwamba wiki zetu hazifanani. Mteja analeta marekebisho Jumanne usiku, mtoto anaugua, umeme unakatika. Siku moja ikikatika, mnyororo umekatika, na aliyejenga bidii yake yote juu ya mnyororo huiacha wiki nzima iende nao.

Lengo la wiki linavumilia. Trollope huyo huyo, ambaye watu humtaja kama mashine, aliigawa shajara yake kwa wiki. Wastani wake ulikuwa kurasa 40 hivi kwa wiki, nyingine zikishuka hadi 20, na kuna iliyofika 112. Hata mkali wa saa alijipa nafasi ya kuyumba.

Siku ina nafasi yake pale ambapo desturi haijazaliwa kabisa. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga desturi mpya: wastani ulikuwa siku 66, lakini baadhi walihitaji 18 tu na wengine walikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Basi anza na siku, kisha baada ya miezi miwili mitatu hamia kwenye wiki.

Na vyovyote utakavyochagua, lifunge lengo kwenye tukio. "Nikishaosha vikombe vya asubuhi, nafungua mswada kabla ya barua pepe." Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mipango ya aina hii mwaka 2006, wakakuta inasaidia kwa kiasi cha kuonekana. Hainunuliwi popote, nayo ndiyo watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kitoto.

Nani akuulize?

Sasa kwenye kiini. Hawa ndio mashahidi unaoweza kuwachagua:

| Shahidi | Anamfaa nani | Panapokatika |
|---|---|---|
| Daftari lako | Mwenye desturi tayari | Hakuna anayelifungua ila wewe |
| Mwenzako mmoja | Anayeanza asimalize | Huruma: mnasameheana |
| Kundi | Mpweke | Soga huchukua nafasi ya kazi |
| Tangazo la hadharani | Aliyekaribia kumaliza | Pongezi kabla ya kazi |
| Dau la fedha | Anayejua la kufanya ila haketi | Kipato cha msimu |
| Mhariri wa kulipwa | Aliyekwama kwenye ubora | Gharama |

Daftari unalihitaji hata ukichagua shahidi mwingine, kwa sababu bila kumbukumbu mwenzako atakuuliza nawe utamjibu kwa hisia. Lakini peke yake halitoshi. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Robert Boice alichapisha matokeo ya kuwafuatilia walimu 27 wa vyuo vikuu huko Marekani, katika makundi matatu. Walioendelea na mazoea yao ya kungoja nafasi kubwa ya kuandika walitoa wastani wa kurasa 17 kwa mwaka. Walioandika kila siku na kuweka kumbukumbu walitoa 64. Walioandika kila siku, wakaweka kumbukumbu na kuwajibika kwa mtu kila wiki, walitoa 157. Kundi lilikuwa dogo na nisingeliapia, lakini tazama hatua ya mwisho: kati ya 64 na 157 kilichoongezeka ni mtu.

Tena Trollope, naahidi ni mara ya mwisho. Watu husimulia saa yake mezani na kumsahau mzee aliyetunza farasi wake. Alimwongeza paundi tano kwa mwaka ili amwamshe alfajiri bila huruma, na katika maelezo ya maisha yake aliandika kwamba kwa mafanikio yake huenda anadaiwa na mzee huyo kuliko na mtu mwingine yeyote.

*Kutangaza hadharani* ndiyo njia ninayoiogopa zaidi. Inaonekana ya kijasiri: unawaambia watu wote kwamba unaandika kitabu, ili aibu ikusukume. Gollwitzer na wenzake walilijaribu wazo hilo, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wanafunzi wa sheria ambao nia yao ya kusoma kwa bidii ilitambuliwa na mtu mwingine walifanya kazi kwa muda mfupi kuliko ambao nia yao haikutambuliwa. Mtu akishaitwa mwandishi, sehemu ya njaa yake imeshashiba. Wahenga walilijua hili bila maabara: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangaza tarehe ya kutoka kitabu kikiwa mikononi mwa mhariri. Kabla ya hapo, mwambie mtu mmoja tu, na awe mtu asiyesifu ovyo.

*Dau la fedha* hufanya kazi kwa wanaolikubali, na tatizo liko hapo hapo. Kuna huduma za mtandaoni kama stickK, iliyoanzishwa na wachumi wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, ambako unaweka fedha na kuzipoteza usipotimiza. Huko Ufilipino, wavutaji sigara walipewa nafasi ya kuweka amana ambayo wangeipoteza wasipoacha. Utafiti huo wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 11 tu waliokubali, ingawa mpango wenyewe uliwasaidia baadhi yao kuacha. Kwa mwandishi ambaye malipo huja yanapotaka, kuhatarisha fedha ya mwezi mbaya ni kujiongezea woga, na woga hauandiki vizuri.

Dau si lazima liwe fedha. Husimuliwa kwamba mwaka 1830 Victor Hugo, mwandishi wa Ufaransa, akiwa amechelewa sana kumaliza riwaya na mchapishaji akimbana, alinunua chupa ya wino na vazi moja zito la kufuma, akazifungia nguo zake nyingine ili asiweze kutoka nyumbani. Kitabu kilikamilika mapema mwaka uliofuata. Nguo yetu ya kutokea siku hizi ni simu. Mpe mtu mwingine akae nayo hadi saa sita mchana, umeshaweka dau.

*Kundi* lina nguvu kwa muda mfupi. NaNoWriMo ilianza mwaka 1999 na kwa robo karne iliwakusanya watu wa dunia nzima kuandika maneno 50,000 katika mwezi wa Novemba, yaani 1,667 kwa siku, hadi taasisi iliyoiendesha ilipotangaza kufunga mwaka 2025. Mwezi mmoja wa msukumo unafaa kwa rasimu moja. Kwa mwaka mzima, makundi mengi niliyowahi kuyaona yaliishia kuwa mahali pa kulalamikia uandishi. Aina pekee ninayoipendekeza ni ya kukaa kimya pamoja, hata kwa video: kila mmoja anasema anafanya nini, mnanyamaza dakika 50, mnarudi kusema kilichofanyika. Anayetaka kujadili sanaa angojee siku nyingine.

*Mhariri wa kulipwa* anakuletea kitu kimoja cha thamani zaidi ya maoni yake: tarehe ambayo hukujipangia. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch waliwapa wanafunzi maandishi matatu ya kusahihisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Waliopangiwa kupeleka moja kila wiki waligundua makosa mengi zaidi. Walioachiwa hadi siku ya mwisho walifanya vibaya kuliko wote. Waliojipangia wenyewe wakaangukia katikati. Ndiyo maana tarehe zako mwenyewe hukusaidia nusu tu. Kama huna fedha za mhariri, mwachie mwenzako akupangie tarehe nawe umpangie zake.

Mwenzako mmoja, kwa undani

Njia hii ndiyo chaguo langu, kwa hiyo nitasema pia inavyoharibika. Mara mbili nimeiharibu mwenyewe: mara ya kwanza nilimchagua rafiki yangu mkubwa, ambaye alikuwa ananionea huruma kabla sijamaliza kujitetea, mara ya pili nilimchagua mwandishi aliyenizidi mbali, nikawa namdanganya kwa aibu. Mwenza wa nyumbani pia simpendekezi. Ana sababu zake nyingine za kukasirika nawe, na mswada usiingizwe humo.

Tafuta mtu mnayelingana naye kwa hatari: naye anajiajiri, naye ana kitu kisichodaiwa na mtu. Si lazima awe mwandishi. Mchoraji anafaa, hata mshonaji. Mkubaliane siku moja ya wiki na ujumbe mfupi: nilichoahidi, nilichofanya, kilichonizuia kwa sentensi moja, ahadi ya wiki ijayo. Deni la wiki iliyopita halivuki. Ukikosa saa tatu wiki hii, usiziongeze kwenye ijayo, maana utakuwa na mlima ambao hakuna anayeupanda. Ukikosa wiki mbili mfululizo, ahadi ikatwe nusu bila kubishana.

Sasa jiulize unaumwa wapi. Usiyeweza kuketi, anza na saa na ukae kimya na wenzako kwa video. Unayeketi lakini humalizi, pima sura zilizokamilika na umpe mwenzako akupangie tarehe. Wewe unayemaliza lakini hutumi, na tuko wengi kuliko tunavyokiri, pima barua zilizotumwa, na kila unapotuma mswada au ombi la kazi mwenzako apate nakala ya barua pepe hiyo. Hapo hakuna haja ya kuulizwa. Kimya cha kisanduku chake ndicho swali.

Nitaacha hapa ujumbe wa kweli kati yangu na mwenzangu, ili uone jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo.

"Dada, salaam. Niliahidi saa 6, nimefanya 4. Alhamisi mteja alileta marekebisho, nikayashika palepale. Wiki ijayo saa 5, zote asubuhi. Wewe?"

"Salama kaka. Mimi barua 3 kati ya 3. Hiyo Alhamisi, ungemwambia mteja utampa mchana, angekuacha?"

Sikujibu siku mbili. Alhamisi iliyofuata mteja yule yule alileta marekebisho mengine saa tatu asubuhi. Nilimwandikia kwamba atayapata saa tisa alasiri. Akajibu, "Sawa."